Kabati lililonuka oili, na mimi sikusikia

Mteja wangu wa Kiamunyi, mtaa wa Nakuru, alirudisha kabati kwa pikapu siku ya nne. Hakupiga kelele. Alifungua mlango wa kabati, akanisogeza karibu, akasema, "Fundi, hebu ingiza kichwa." Nikaingiza. Niliona kazi yangu: bawaba zimekaa sawa, vanishi haina tone hata moja, droo inateleza. "Unasikia?" Nikamuuliza nisikie nini. Aliniangalia kwa jicho la mtu anayejua anachezewa. Nguo zake zote za kanisani zilikuwa zinanuka oili chafu ya gari.

Mbao za mgongo wa kabati nilizinunua kwa mtu aliyebomoa banda. Zilikuwa zimepakwa oili chafu kuzuia mchwa, kama watu wanavyofanya na nguzo za ua. Nilizipiga randa, rangi ya mbao ikarudi, nikajua zimeisha. Kijana wangu wa kazi aliniambia baadaye kwamba alisikia ile harufu tangu siku ya kwanza, ila alidhani nami nimeisikia nikaamua kunyamaza. Hilo liliniuma kuliko pesa nilizorudisha.

Seremala huijua mbao kwa pua kabla ya macho. Mwerezi, ule ambao hapa Nakuru wengi wanauita mutarakwa, una harufu ya penseli iliyochongwa sasa hivi. Muthaiti unazibua kifua. Saiprasi mbichi ina ukali fulani wa majani yaliyosagwa. Mimi, nikihesabu bila kujidanganya, nilikuwa nimefanya kazi karibu miaka miwili kwa macho na kidole tu. Hata chai nilikuwa naijua kwa sukari.

Nilikuwa na jibu tayari: sainasi. Nani mjini hapa hana sainasi? Jina lenyewe la Nakuru linasemekana kutoka Kimaasai, mahali pa vumbi, na ukipita barabara za mitaa mwezi wa Februari huwezi kuwabishia Wamaasai. Kwa hiyo kila pua ikiziba na uso ukiniuma juu ya mashavu, nilienda kwa kemisti nikaondoka na antibiotiki ya amoksilini ya siku tano. Zikishindwa, vile vidonge vikubwa vinavyoharibu tumbo. Nilizungusha dozi kama nane hivi katika miaka miwili. Pamoja nazo nilinunua matone ya kuzibua pua, na hapa ndipo nilipojichimbia shimo.

Matone yale ni ya ajabu. Unatia mawili, na kabla hujafunga kifuniko hewa inapita kama mlango umefunguliwa. Kwenye karatasi ya ndani imeandikwa usizidishe siku chache. Nani husoma karatasi ya ndani? Nilianza na usiku tu, nikafika mara tatu kwa siku, mwisho nilikuwa na chupa kwenye aproni, chupa kwenye gari la mbao na chupa chini ya mto. Dawa ile hukaza mishipa ya damu puani, na ikiisha nguvu mishipa inavimba kuliko mwanzo, nawe unaongeza. Pua yangu ilikuwa inazibwa na kizibuo chenyewe.

Baada ya aibu ya kabati, mama watoto alinipeleka kwa daktari wa masikio, pua na koo, karibu kwa kunishika mkono. Daktari alikuwa mwanamke mtulivu. Swali lake la kwanza halikuhusu pua. "Mzee, unafanya kazi gani?" Nikamwambia. Akaweka kalamu chini. Damu hutoka? Imeziba upande mmoja au pande zote? Jicho limewahi kuvimba? Una pumu? Ukimeza aspirini au dawa ya maumivu kifua hubana? Nilijibu huku naogopa, maana niliona anatafuta kitu.

Alichokuwa anatafuta nilikuja kukielewa baadaye. Huko High Wycombe, mji wa watengeneza viti nchini Uingereza, daktari wa pua aliyeitwa Esmé Hadfield aligundua katika miaka ya 1960 kwamba mafundi wa fanicha walikuwa wanaletwa kwake na aina ya saratani ya pua ambayo kwa watu wengine ni nadra sana. Leo vumbi la mbao limo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya vitu vinavyojulikana kusababisha saratani. Miaka ishirini na sita ya kupiga msasa na hakuna aliyewahi kuniambia. Barakoa yangu ilikuwa leso.

Daktari aliingiza kamera nyembamba puani, akanigeuzia skrini. Vilikuwa vinyama, laini, vya kijivu, vinang'aa kama zabibu zilizomenywa ngozi, pande zote mbili. Kwangu ilikuwa kinyaa, kwake ilikuwa afadhali: vinyama vya pande zote mbili mara nyingi si saratani, cha upande mmoja ndicho hukatwa kipande haraka kikapimwe. Alitaka skani hata hivyo. Pesa ya skani ilikuwa faida ya vitanda viwili. Nililipa.

Kisha akaniambia sentensi iliyonifanya nihisi mjinga kwa wiki nzima. Kwamba ugonjwa wangu umezidi wiki 12, kwa hiyo si mafua wala si mdudu wa kuuawa kwa antibiotiki. Ni ngozi ya ndani ya pua iliyokaa katika hali ya kuvimba, kinga ya mwili inapigana na hakuna adui wa maana. Vinyama vimeziba paa la pua, na huko juu ndiko kunakokaa mishipa ya kunusa. Nilikuwa nimenunua risasi miaka miwili, nikipiga hewa.

Dawa alizonipa zilinikatisha tamaa: maji ya chumvi, na steroidi ya kupuliza puani, dawa ya kutuliza uvimbe. Nilitarajia sindano. Nilikuwa nimesikia mabaya ya steroidi, nikamuuliza kama nitavimba uso. Akasema ya kupuliza hufanya kazi palepale puani, na inayoingia mwilini ni kidogo sana. Na matone niache siku hiyohiyo.

Usiku wa kwanza bila matone sitausahau. Nililala nimekaa, mdomo wazi, ulimi umekauka kama msasa. Saa tisa usiku nilipapasa chini ya mto, nikakuta mama watoto ameshaitoa chupa. Nilimkasirikia kwa sauti. Usiku wa pili ulikuwa vilevile. Kufikia wiki ya pili pua ilianza kupitisha hewa yenyewe, kidogo, upande wa kushoto.

Kuosha pua nako kuna ufundi wake. Mara ya kwanza nilitumia maji matupu, nikahisi kama nimezama mtoni, paji la uso likawaka. Maji matupu huchoma, yenye chumvi ya kutosha hayachomi. Sasa natumia kikombe cha mililita 240, chumvi nusu kijiko cha chai kisichojaa sana, maji ya vuguvugu. Nainama juu ya beseni, mdomo wazi, napumua kwa mdomo, nabinya polepole chupa niliyoyatia maji hayo katika tundu moja na maji yanatokea la pili. Wiki za kwanza yalitoka na vumbi la mbao. Nililiona kwa macho yangu, kahawia, chini ya beseni, na siku hiyo sikuwa hata nimewasha mashine.

Maji lazima yachemke kwanza. Hili binti yangu, anayesomea uuguzi Kisumu, alilishikilia sana. Mwaka 2011 katika jimbo la Louisiana, Marekani, watu wawili walikufa baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba yenye amiba, kijidudu kisichoonekana kwa macho, inayopanda hadi kwenye ubongo. Ukiinywa haikudhuru, ikipita puani ni mauti. Wamarekani wanasema dakika moja ya kuchemka inatosha, na tatu kwa wanaokaa juu ya mita 2,000. Nakuru iko karibu mita 1,850, na sisi tunaoelekea mlima Menengai tuko juu zaidi. Nachemsha dakika tatu nisihesabu mita.

Kupuliza dawa pia nilikuwa nakosea. Nilikuwa nainua kichwa, naelekeza katikati, navuta kwa nguvu. Dawa inaishia kooni na ukuta wa kati wa pua unatoka damu. Sahihi ni kuosha kwanza, kuinamisha kichwa kidogo, mkono wa kulia upulize tundu la kushoto, ncha ielekee pembe ya nje ya jicho, na kuvuta pole. Kila siku, hata ukijisikia vizuri. Hili la mwisho ndilo gumu.

Jumapili jioni binti hunipigia simu na kunisomea utafiti, ananitafsiria. Kuna mmoja wa Uingereza ulioongozwa na Carl Philpott wa Chuo Kikuu cha East Anglia, ukachapishwa katika jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2025. Waliwagawa wagonjwa zaidi ya 500 wa ugonjwa huu wa muda mrefu: wengine upasuaji, wengine antibiotiki ya klarithromaisini miezi mitatu, wengine vidonge visivyo na kitu, na wote waliendelea kuosha na kupuliza. Baada ya miezi sita waliopasuliwa walikuwa na nafuu kubwa. Wa antibiotiki hawakuwashinda wa vidonge vitupu. "Baba, umesikia?" akauliza. Nilisikia. Nilikumbuka dozi zangu nane.

Alinisomea pia habari za sindano mpya za ugonjwa huu. Dupilumabu iliruhusiwa Marekani kwa vinyama vya pua mwaka 2019, na mwaka 2025 kukatoka majaribio ya nyingine, tezepelumabu, kwa watu zaidi ya 400: katika wiki 52, kati ya waliodungwa dawa, waliohitaji upasuaji hawakufika hata mmoja kwa mia, na kati ya waliodungwa sindano isiyo na dawa ni kama 22 kwa mia. Ni habari njema kwa mwenye hela. Bei ya sindano hizo mimi naisikia kama bei ya ndege. Ila zilinifundisha kitu: zote zinatuliza kinga ya mwili, hakuna inayoua mdudu. Daktari wangu na chupa yake ya bei nafuu walikuwa njia moja na hao wa Lancet.

Binti alinijazisha pia fomu ya maswali 22 wanayotumia watafiti, kila swali sifuri (hakuna shida) hadi tano (shida kubwa kabisa). Kulala, kikohozi, kupoteza harufu. Moja linauliza kama unaona haya. Niliweka tano bila kufikiri, kwa ajili ya yule mama wa Kiamunyi. Jumla ilikuwa 61. Miezi minne baadaye nilipata 34, na anasema tofauti ya pointi 9 tayari inahesabika.

Sijapona. Vinyama vimenywea, havijaisha, na nimewekwa kwenye foleni ya upasuaji, nikijua vinaweza kurudi. Harufu ya kwanza kunirudia ilikuwa ya mtaro nyuma ya karakana, nikasimama pale kama mwehu, nainusa. Vumbi likinipata sana, harufu inapotea tena siku mbili. Nimenunua barakoa ya kweli ya vumbi, na kijana naye nimemnunulia, ingawa huivaa kidevuni.

Kabati likiisha sasa tunalijaribu hivi: tunafunga milango usiku, asubuhi kila mmoja anaingiza kichwa kwa zamu, haambii mwenzake, anaandika kwa penseli kwenye kipande cha ubao alichosikia. Ijumaa iliyopita yeye aliandika "mutarakwa, gundi, panya." Mimi niliandika "mutarakwa."