Ahsante ya Bibi wa Dirishani

Unguja, Dominika ya tatu ya Majilio, 14 Desemba 2025

Wazee wamekwisha kulala, isipokuwa babu wa chumba cha pili ambaye usingizi humjia baada ya saa sita, na kutoka hapa ninaisikia redio yake ndogo ikisoma Kurani kwa sauti ya chini. Mvua ya vuli ilinyesha alasiri, nayo imeuacha ua wetu ukinukia udongo na maembe yaliyopukutika. Nimekaa barazani na daftari langu kwa sababu leo ilikuwa Dominika ya furaha katika Majilio, majuma yetu ya kuingoja Noeli, ile ambayo padre huvaa kasula, vazi lake la juu la Misa, ya rangi ya waridi badala ya zambarau, na asubuhi limetokea jambo dogo ambalo sitaki linipite bila kuandikwa. Ili lieleweke, sina budi kuanzia mwezi wa Oktoba, siku ambayo pampu ya kisima iliharibika.

Nyumba yetu iko nje kidogo ya mji, chini ya miembe, na hutunzwa na masista pamoja na sisi walei wachache tunaosaidia kuogesha, kulisha na kukesha. Wazee wetu wengi ni Waislamu. Wakristo ni wachache, watu ambao wazazi wao, au wao wenyewe, walivuka kutoka bara kuja kuchuma karafuu na hawakurudi tena kwao. Padre hupenda kutukumbusha kwamba wamisionari Wakatoliki wa zama hizi walifika Unguja mwezi wa Desemba 1860, siku chache kabla ya Noeli, wakitokea kisiwa cha Réunion, na kwamba walifuatana na masista walioanza kazi yao kwa kuwauguza wagonjwa. Kanisa la Minara Miwili lilikuja kujengwa baadaye sana, katika miaka ya 1890. Hilo hunipa faraja kila nikilisikia, kwamba hapa kwetu kitanda cha mgonjwa kilitangulia mnara.

Sasa habari ya pampu. Siku hiyo tulichota maji kwa ndoo kutoka kwa jirani tangu alfajiri, mgongo uliniuma, na wazee wanane walikuwa bado hawajaogeshwa. Bibi anayelala kitanda cha dirishani alikuwa amekwisha kuogeshwa, lakini alijichafua, akaniita anisihi nimwoshe tena. Nilimjibu bila hata kugeuka, nikamwambia, "Subiri, Bibi, hauko peke yako humu ndani." Sikupaza sauti wala sikumtukana. Nilimwosha baada ya nusu saa, na mimi mwenyewe nikaona jambo limekwisha.

Kumbe kwake halikuwa limekwisha. Tangu siku hiyo Bibi alianza kunishukuru kwa namna ambayo sikuwa nimeizoea. Nikimletea uji, hunishukuru kabla bakuli halijagusa mkono wake. Nikimgeuza ubavu usiku, jambo ambalo ni lazima tulifanye kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia, huniambia ahsante mara tatu, na akiona nimekunja uso, hata kama ni kwa uchovu tu, huongeza ya nne. Sista mmoja alimsifu mbele yangu kwamba ni bibi mwenye moyo wa shukrani. Nilinyamaza, kwa kuwa nilijua ile haikuwa shukrani. Ilikuwa hofu iliyojifunza adabu. Mtu ambaye hawezi kujigeuza kitandani hujua kwamba maisha yake yote yamo katika nia njema ya mwingine, na neno ahsante ndilo fedha pekee iliyobaki mfukoni mwake, basi hulilipa mapema asije akacheleweshewa maji.

Nilikwenda kuungama jambo hilo wiki ya mwisho kabla ya Majilio. Kisha nikapiga magoti kando ya kitanda chake, nikamwambia, "Bibi, nilikukosea siku ile ya maji, nisamehe." Akaniangalia, akasema, "Maji gani, mwanangu? Mimi sikumbuki. Ahsante, ahsante sana." Mpaka leo sijui kama kweli alikuwa amesahau, au alikuwa ananisitiri, au aliogopa kwamba kukumbuka kungeniudhi.

Majilio yalianza tarehe 30 Novemba. Matayarisho ya nyumba kama yetu si makubwa, nami sitayaeleza yote. Tulifua vyandarua, tukapaka chokaa ukuta wa kanisa dogo, tukamtafutia padre siku ya kuja kuwapa Mpako wa Wagonjwa walio dhaifu zaidi. Lakini taji la Majilio, lile duara la majani lenye mishumaa minne, mmoja kwa kila Dominika ya kungoja, nataka nilieleze. Kila mwaka tulikuwa tukilitengeneza sisi vijana na kuwaletea wazee waliangalie. Mwaka huu nilikosa waya wa kuzungushia, na nilipokuwa nikihangaika nalo barazani, nilimsikia Bibi wa dirishani akiuliza taratibu kwa nini nisitumie kata. Kata ni ile pete ya majani au nguo ambayo wanawake hujitwika kichwani chini ya mtungi ili usiteleze. Bara wengi huiita ngata. Nilimwambia sijui kuifunga. Nikamletea majani makavu ya mgomba, niliyoyalowesha kidogo ili yasivunjike, nikamkalisha kwa mito miwili.

Vidole vyake vya mkono wa kushoto havinyooki tena. Alilishika jani la kwanza kwa kiganja, akalikunja kwa meno na mkono wa kulia, akalizungusha, akachukua la pili akalipenyeza ndani ya la kwanza, na kila mzunguko alikuwa akiubana kwa kidole gumba mpaka majani yakalia. Ilimchukua muda mrefu. Mara mbili ilifumuka, na mara ya pili alisema neno ambalo wanawake wa zamani walikuwa wakilisema kisimani na ambalo siliandiki hapa. Mwishoni ikatoka pete nene, ngumu, iliyolingana pande zote, naye akaipimia kichwani mwake juu ya mvi, akakaa wima kidogo kama mtu anayesikilizia uzito. Tuliivika vitawi vya mvinje na mrehani kutoka bustanini. Mishumaa ya zambarau hatukuipata dukani, kwa hiyo tulichukua mishumaa minne myeupe, mitatu tukaifunga utepe wa zambarau na mmoja wa waridi, tukaisimamisha ndani ya sinia ya mchanga. Tunaiwasha wakati wa sala tu, kwani penye vyandarua moto hauachwi peke yake.

Masifu ya Jioni, yaani sala yetu ya zaburi, tunayaanza baada ya adhana ya Magharibi kwisha na wazee wetu wengine kumaliza swala. Huo ni utaratibu wa zamani wa nyumba hii, na utulivu wa dakika zile, kati ya msikiti na zaburi, ni saa ninayoipenda kuliko zote. Baada ya sala, anayetaka hubaki barazani, awe Mkristo au Mwislamu, na mwaka huu Sista mkuu alipendekeza kila mmoja ataje jambo moja analomshukuru Mungu. Wiki ya kwanza ilinihuzunisha. Mmoja baada ya mwingine walitushukuru sisi. Wanawashukuru masista, wanawashukuru watoto wanaowalisha, wanamshukuru mpishi. Walikuwa wakitutazama usoni walipokuwa wakisema, na Bibi wa dirishani alinitazama mimi.

Nilimweleza Sista lililokuwa moyoni mwangu. Alifikiri usiku mmoja, na jioni iliyofuata akawaambia wazee kwamba kuanzia hapo hairuhusiwi kumshukuru mtu yeyote aliyepo barazani. Kwanza kulikuwa na kimya. Halafu babu wa chumba cha pili, aliyekuwa baharia wa majahazi, akasema yeye anaushukuru upepo wa kaskazi, ambao ndio kwanza unaanza kuvuma mwezi huu, kwa sababu katika ujana wake uliwahi kuwarudisha nyumbani kutoka kaskazini ya Pemba, tanga limechanika na maji ya kunywa yamebaki kopo moja. Alitueleza lile kopo lilivyokuwa na lilivyopita mkono kwa mkono. Bibi mwingine, aliyelima mpunga katika bonde la Cheju, alimshukuru marehemu dada yake aliyempa kanga ya harusi kwa kuikata pea yake mwenyewe. Mzee mmoja alisema leo hana la kushukuru. Sista akaitikia kwa kichwa, hakumsukuma, tukapita kwa anayefuata. Naona kitendo hicho kilifanya kazi kubwa kuliko mahubiri, kwa kuwa tangu jioni hiyo walianza kusema kama watu walio kwao.

Ikafika hata zamu ya Pensheni Jamii, ambayo Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kuitoa mwaka 2016 kwa kila mzee aliyefikisha miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikapandishwa kuwa 50,000. Mtu alipoitaja, bibi wa Cheju alisema ile haimo katika shukrani za hisani, ile ni haki yetu, tumelima nchi hii. Wengine wakaitikia kwa sauti. Mimi nilifurahi mno kumsikia mzee akitenganisha alichopewa kwa wema na alichostahili, kwa kuwa asiyejua haki yake hulazimika kushukuru hata kwa hewa anayovuta.

Nimegundua pia kwamba Majilio ni msimu wa wazee, jambo ambalo miaka yote sikuliona. Injili ya Luka haianzi na mtoto. Huanza na Zakaria na Elisabeti waliokwisha kuwa na umri mkubwa, na baada ya Noeli humleta Simeoni, halafu Anna, mjane wa miaka 84 asiyetoka hekaluni. Nilipowasomea kisa cha Zakaria, babu baharia alisema kuwa huyo wanaye na wao, kwamba Sura ya Maryamu huanza na dua yake, akimlalamikia Mola kwamba mifupa imedhoofika na kichwa kimejaa mvi. Neno lake la kulalamika lilinikaa. Zakaria hakuficha udhaifu wake wala hakutanguliza maneno matamu ili asikilizwe.

Leo padre amekuja kutuadhimishia Misa barazani. Somo la kwanza lilikuwa Isaya sura ya 35, linaloagiza mikono dhaifu itiwe nguvu na magoti yaliyolegea yaimarishwe, na nikaona macho kadhaa yakishuka kuyatazama magoti yenyewe chini ya kanga. Somo la pili, la Yakobo, lilimtaja mkulima anayengoja kwa uvumilivu mpaka mazao yapate mvua ya kwanza na ya mwisho, na bibi wa Cheju, aliyekuwa amekaa pembeni na tasbihi yake ingawa Misa si yake, akanong'ona kwa jirani, "Vuli na masika." Kisha ikasomwa Injili ya Yohane Mbatizaji akiwa kifungoni, akiwatuma wanafunzi wake kumwuliza Yesu kama ndiye yule ajaye au wamtazamie mwingine. Ni swali la mtu aliyechoka kungoja. Bwana hakuchukizwa nalo; alilijibu, na wajumbe walipoondoka alimsifu aliyeuliza. Nilikuwa nikilitafakari hilo wakati mshumaa wenye utepe wa waridi ukiwashwa juu ya kata ya Bibi.

Baada ya Misa tuligawa chai na maandazi. Nilimpelekea Bibi wa dirishani kikombe chake, nikakiweka mikononi mwake, nikaisubiri ahsante yake ya mapema kama kawaida, na moyo ukaanza kuniuma kabla haijatoka. Haikutoka. Bibi alinusa, akaonja, akakitazama kikombe, halafu akanitazama mimi.

"Chai hii haina tangawizi," akasema. "Mmeichemsha juujuu tu. Irudishe, mwanangu."

Nilikipokea kikombe kwa mikono miwili. Jikoni mpishi aliniuliza kwa nini natabasamu, nami sikuweza kumweleza kwa ufupi. Nilitwanga kipande kizima cha tangawizi kwenye kinu, nikaongeza iliki tatu, nikaisimamia sufuria mpaka harufu ikajaa mlangoni, nikachuja. Nilipomrudishia, alikuwa akimsimulia jirani yake kisima cha kwao na jinsi mtungi unavyokaa kichwani usipoushika. Alionja bila kukatisha hadithi, akameza, akanipungia mkono nisogee kidogo, kwa sababu nilikuwa nimemzibia dirisha.