Naamini, Nisaidie Kutokuamini Kwangu

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimeomba kwa shida. Nimepiga magoti, nikatamka maneno, na ndani yangu swali likawa linapanda: hivi kweli kuna anayesikia? Sikulifukuza. Nililibeba hadi kwenye Neno, na Isaya 45:15 ikanipokea: "Hakika wewe ni Mungu ujifichaye." Nabii aliyasema hayo akiwa katika kuabudu, hakuwa ameacha imani.

Basi nikamkumbuka Georges Lemaître, padre wa Ubelgiji aliyekuwa pia mwanafizikia. Mwaka 1927 alionyesha kwa hesabu kwamba ulimwengu unapanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba vyote vilianzia katika hali moja ndogo iliyosongamana mno. Leo wanasayansi wanakadiria mwanzo huo kuwa miaka bilioni 13.8 iliyopita. Mwaka 1951 Papa Pius wa Kumi na Mbili alipozungumza kana kwamba sayansi hiyo imethibitisha uumbaji, tungetarajia padre huyu ashangilie. Hakufurahia. Kwake nadharia ile ilipaswa kupimwa kwa vipimo vya sayansi, na imani yake haikuning'inia juu yake.

Nimelitafakari sana hilo, kwa sababu sisi hupenda kumweka Mungu pale ambapo wataalamu bado hawajafika. Tunasema, "Hili hawawezi kulieleza, basi hapo ndipo Mungu alipo." Kesho wakilieleza, tutamhamishia wapi? Mungu wetu ndiye Bwana wa tunayoyaelewa pia. Ukichunguza chungu mpaka chembe ya mwisho hutamkuta mfinyanzi amejificha ndani ya udongo, na hiyo haimaanishi kwamba chungu kilijifinyanga. Darubini haimwoni Mungu kwa kuwa yeye si kitu kimojawapo kati ya vitu. Zaburi 19 inasema mbingu zauhubiri utukufu wake, nasi tunaamini hivyo, lakini mahubiri huhitaji sikio, na sikio hilo ni imani. Waebrania 11:3 haifichi: kwa imani twafahamu.

Sasa niseme na sisi wazazi, walimu wa Biblia na wazee wa kanisa. Kijana akisimama kwenye mafundisho akauliza, "Tunajuaje kwamba Mungu yuko?" mara ngapi tumemrushia Zaburi 14, "Mpumbavu amesema moyoni, Hakuna Mungu," kisha tukaendelea na somo? Wapendwa, hiyo si haki. Yule wa zaburi amekwisha kukata shauri moyoni mwake, na mistari inayofuata inaonyesha matendo yake maovu. Huyu wetu anauliza! Amekuja kanisani, ameleta swali lake mbele ya watu wa Mungu, nasi tunamwaibisha. Halafu akikua akaondoka tunailaumu shule, tunakilaumu chuo, tunaitisha maombi ya kumrudisha. Petro aliagiza tuwe tayari kumjibu kila mtu kwa habari za tumaini lililo ndani yetu, tena "kwa upole na kwa hofu." Upole huo umekwenda wapi? Na kama hujui jibu, mwambie hujui, kisha keti naye msome pamoja. Kutojua fizikia si dhambi. Kumfungia mlango mtu anayemtafuta Mungu ni jambo la kutubu.

Tazameni walivyofanya wanafunzi. Tomaso alitamka wazi kwamba asipoona alama za misumari hatasadiki kabisa. Wale wengine walikuwa wamemwona Bwana kwa macho yao, wangeweza kumtenga. Lakini Yohana 20:26 inasema baada ya siku nane walikuwamo ndani tena, "na Tomaso pamoja nao." Walikaa naye juma zima bila kuwa na ushahidi mwingine wa kumpa zaidi ya neno lao, na Yesu alipokuja alimkuta humo. Juma hili mtafuteni mmoja ambaye maswali yake yaliwahi kunyamazishwa kati yetu, mkae naye, na mumwache aseme yote.