Kwa uliyechaguliwa digrii ya hisabati na bado uko Tanga

Matokeo ya kidato cha sita kwa kawaida hutoka Julai, na vyuo vikuu hufunguliwa Oktoba au Novemba. Kwa kijana wa Ngamiani au Chumbageni aliyechaguliwa kusoma digrii ya hisabati, hiyo ni nafasi ambayo hataipata tena mpaka amalize miaka yake mitatu. Wengi huitumia kurudia mazoezi ya integrali. Mimi naona huko ni kupoteza muda, kwa sababu integrali unaziweza tayari na si zitakazokuangusha. Kinachoangusha watu mwaka wa kwanza na wa pili ni uthibitisho.

Kidato cha sita swali linasema "tafuta". Chuoni linasema "thibitisha", au "toa mfano unaoonyesha kuwa si kweli". Mtu aliyezoea kupata jibu na kulipigia mstari chini anabaki ameduwaa, hajui hata sentensi ya kwanza iandikwe vipi.

Anza na fasili ya kikomo cha mfuatano, maana ndiyo mlango wa somo zima la analisisi, yaani kalkulasi inayojengwa kwa uthibitisho. Mfuatano a(n) una kikomo L ikiwa kwa kila epsiloni iliyo kubwa kuliko sifuri, ipo namba asilia N, ambayo kwa kila n iliyo kubwa kuliko N, umbali kati ya a(n) na L ni mdogo kuliko epsiloni.

Chukua a(n) = (3n + 1)/(n + 2). Kikomo ni 3, hilo unaliona kwa macho. Sasa lithibitishe. Kwenye karatasi ya rafu, toa 3: (3n + 1 − 3n − 6)/(n + 2), yaani −5/(n + 2). Umbali wake ni 5/(n + 2), ambao ni mdogo kuliko 5/n. Ukitaka 5/n iwe ndogo kuliko epsiloni, n izidi 5/epsiloni. Basi, N imepatikana: namba asilia yoyote isiyopungua 5/epsiloni. Kwa epsiloni 0.01, N ni 500. Mtu makini atasema hata 498 ingetosha, na ni kweli, lakini hakuna aliyekuomba N ndogo kuliko zote. Umeombwa uonyeshe kwamba ipo. Kupanua kidogo ili hesabu iwe nyepesi ni ufundi halali, na utautumia mpaka siku ya mwisho chuoni.

Halafu inakuja kazi ya kuandika safi, na hapa ndipo alama hupotea. Rafu ilianza na unachokitaka ikarudi nyuma. Uthibitisho unaenda mbele: "Chukua epsiloni yoyote kubwa kuliko 0. Chagua namba asilia N isiyopungua 5/epsiloni. Kwa kila n kubwa kuliko N, umbali ni 5/(n + 2), ambao ni mdogo kuliko 5/n, nao ni mdogo kuliko epsiloni." Ukinakili rafu kama ilivyo, umeanza kwa kudai jambo ulilotakiwa kulifikia. Kosa la pili ni kuchagua N yenye n ndani yake. La tatu ni kubonyeza kikokotoo kwa n = 1000, kuona 2.995, na kuandika "kwa hiyo inakaribia 3". Namba moja haisemi chochote juu ya zile zinazofuata.

Mpangilio wa maneno nao ni hisabati. Kila nyumba ya Ngamiani ina mlango; hiyo haimaanishi kuna mlango mmoja unaotumiwa na nyumba zote. Ukigeuza fasili ukasema "ipo N moja ambayo kwa kila epsiloni..." umedai kwamba baada ya N umbali ni mdogo kuliko kila namba chanya, maana yake ni sifuri kabisa. Mfuatano wetu wa hapo juu haufiki 3 hata mara moja, kwa hiyo ungeshindwa fasili hiyo uliyoigeuza. Rudi kwenye mada ya mantiki ya kidato cha tano, ile ambayo wengi waliipita haraka, ufanye mazoezi ya kukanusha sentensi zenye "kwa kila" na "ipo".

Zoezi jingine lenye faida kubwa: kila unaposoma theoremu, ondoa sharti moja uone inavunjika wapi. Theoremu ya Rolle inataka fanksheni iwe endelevu kwenye kipande chote, itofautishike ndani yake, na iwe na thamani sawa kwenye ncha mbili. Chukua |x| kutoka −1 hadi 1. Ni endelevu, na ncha zote zinatoa 1, lakini kwenye sifuri ina kona, na hakuna popote mteremko wake ulipo sifuri. Ukifanya hivyo kwa masharti yote matatu hutahitaji kukariri.

Bahari ya hapa inafundisha jambo hilohilo. Maji yanayovutwa na mwezi yana mzunguko wa takriban saa 12.42, ya jua saa 12. Chukua kila wimbi kuwa kosaini, kisha jumlisha kosaini hizo mbili kwa kanuni ya kidato cha tano: cos A + cos B = 2 cos((A + B)/2) cos((A − B)/2). Kipengele cha tofauti kinatoa mzunguko wa siku kama 29.5, lakini bamvua, yaani maji makubwa, huja mara mbili ndani yake, kwa sababu kosaini ikiwa −1 mawimbi yanakuwa makubwa sawa na ikiwa 1. Sasa angalia sharti. Kanuni ile inataka mawimbi mawili yenye kimo sawa. Yangekuwa sawa, siku za maji mafu, yaani zile ambazo maji hupanda na kushuka kidogo, bahari isingepanda wala kushuka. Wavuvi wa Deep Sea wanajua maji mafu bado yanatembea: wimbi la mwezi ni kubwa kuliko la jua.

Chuo kikifunguliwa, usiishi kwa madesa, yaani noti na majibu ya kunakili. Desa linakuonyesha uthibitisho uliokamilika, bila rafu yake. Lifunike, andika uthibitisho mwenyewe, kisha linganisha mstari kwa mstari. Diskasheni iwe ya watu watatu au wanne, anayeeleza asishike karatasi, na wengine waulize "kwa nini" kwenye kila hatua. Pasti pepa zifanywe kwa saa, si kusomwa.

Vyuo vingi hutoa alama 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani wa mwisho. Jaribio la kwanza huja mapema, wakati watu bado wanazungukia chumba na bumu, yaani pesa za mkopo. Mtu aliyekwishaandika uthibitisho hamsini wa epsiloni akiwa kwao Tanga ataingia jaribio hilo kalamu ikiwa imeshazoea, na sapu (mtihani wa marudio) ya analisisi itakuwa habari za wengine.