Mapunye ya mwanangu: dawa ilifanya kazi ilipofuatana na mafuta

Kichwa cha mwanangu wa miaka 6 kilikuwa na mabaka ya duara yasiyo na nywele, yenye magamba ya kijivu na vidoa vyeusi pale nywele zilipokatikia usawa wa ngozi. Hapa Mbale tulimpaka krimu ya fangasi, kisha dawa ya kienyeji, bila nafuu.

Daktari alikwangua magamba, akayatazama kwa hadubini, akanieleza kwamba fangasi wa mapunye huingia ndani ya unywele wenyewe, mahali ambapo dawa ya kupaka haifiki. Kwa hiyo akamwandikia vidonge vya griseofulvini vya wiki 8, kulingana na uzito wake.

Wiki 3 za mwanzo nilimpa asubuhi kwa chai ya rangi, nisione mabadiliko. Muuguzi ndiye aliyeuliza anavimeza na chakula gani, kwani dawa hii hufyonzwa vizuri zaidi pamoja na mafuta. Nikavihamishia mchana, mara tu baada ya matoke na mchuzi mzito wa karanga, na chanuo lake nikalitenga na la dada zake.

Mwezi uliofuata, nilipopitisha kidole kwenye baka kubwa kuliko yote, nilihisi vinywele vipya vikinichoma.