Kumbukumbu ya mradi wangu: majina ya njia ya Malkia Medb

Nimezaliwa Tanga, ila miaka hii naishi Drogheda, mashariki mwa Ayalandi, pale Mto Boyne unapokaribia kuingia baharini. Kwa Kiayalandi mji huu ni Droichead Átha, daraja la kivuko. Nilipoambiwa maana hiyo nikataka kujua vivuko vingine vya nchi hii viko wapi, na huko ndiko mradi ulikozaliwa: kutafuta mahali pa kila jina linalotajwa njiani katika Táin Bó Cúailnge, hadithi kongwe ambamo Malkia Medb anatoka na jeshi lake Crúachain, upande wa magharibi, kwenda kumteka Donn, fahali wa Cúailnge. Cúailnge ni rasi ya Cooley, kaskazini mwa kaunti yetu ya Louth. Hii ni kumbukumbu ya nusu mwaka wa kwanza.

Januari

Nimeanza kwa kunakili majina. Toleo la zamani zaidi limo katika Lebor na hUidre, kitabu cha ngozi kilichoandikwa karibu mwaka 1100. Mmoja wa waandishi wake, Máel Muire, aliuawa Clonmacnoise mwaka 1106. Toleo hilo limo pia katika kitabu kiitwacho Yellow Book of Lecan, cha karne ya 14. Toleo la pili, lenye mapambo mengi zaidi, limo katika Book of Leinster cha karne ya 12.

Jeshi linapoondoka, hadithi inasimama na kumwaga majina tu, moja baada ya jingine, kama utingo anayetaja vituo: Mag Cruinn, Tuaim Móna, Turloch Teóra Crích, Cúl Sílinne. Nadhani wasomaji wengi huuruka ukurasa huo. Mimi nimeusoma kwa sauti mara nyingi kuliko mapigano yote. Pale kwenye Cúl Sílinne mwandishi anaongeza kwamba ndipo lilipo ziwa Loch Carrcín leo. Hiyo "leo" yake imenigusa sana. Miaka isiyopungua mia tisa iliyopita kulikuwa na mtu aliyeifanya kazi hii hii: ana jina la kale mkononi, na anawaonyesha watu wa zama zake wasimame wapi ili wapaone.

Februari

Vitendea kazi. Cha kwanza ni Onomasticon Goedelicum, kamusi ya majina ya mahali aliyoitoa padri Mjesuiti Edmund Hogan mwaka 1910. Cha pili ni kazi ya John O'Donovan, ambaye miaka ya 1830 alizunguka kaunti baada ya kaunti kwa ajili ya upimaji wa ramani wa serikali, akiwauliza wenyeji wanavyolitamka jina kabla halijaandikwa kwa tahajia ya Kiingereza. Cha tatu ni Logainm, hazina ya majina iliyoko kwenye intaneti. Nchi hii ina vitongoji zaidi ya 60,000, kila kimoja na jina na mipaka yake, na majina mengi ya miswada yamejificha humo.

Tahajia ya Kiingereza ndiyo inayonichosha. Chukua mwanzo "Kil-", ulioenea nchi nzima. Mara ni cill, kanisa; mara ni coill, msitu. Kwenye ramani ya leo yote mawili yanafanana, na bila kuona jina lilivyoandikwa zamani huwezi kujua kama hapo watu waliswali au walikata kuni.

Jambo moja limenirahisishia. Kiayalandi hubadilisha mwanzo wa neno kulingana na neno lililotangulia: uwanda wa Aí unaandikwa Mag nAí, na hiyo "n" si sehemu ya jina. Wazungu wengi wanaojifunza hukwama hapo. Sisi tumelelewa na Pare, Upare, Wapare na Kipare. Kulitafuta shina nyuma ya kinachotangulia ni kazi ya kila siku.

Machi

Kosa kubwa la kwanza, na nimelibeba wiki mbili nzima. Mfalme wa Ulaid, watu wa kaskazini, kwenye hadithi anakaa Emain Macha. Nilikwisha kusoma kwamba kwa Kiingereza mahali hapo panaitwa Navan, na Navan naijua, ni mji ulio juu yetu kwenye huu huu Mto Boyne. Nikapigilia alama hapo, nikaanza kupima umbali wa kila kitu kutoka hapo, na hesabu zote zikakataa. Majeshi yalikuwa yakienda kaskazini kumkimbilia mfalme aliye kusini.

Navan ya Boyne kwa Kiayalandi ni An Uaimh. Emain ni Navan Fort, karibu na mji wa Armagh, Ayalandi ya Kaskazini. Jina lake lilikuwa An Eamhain, na ile "n" ya kibainishi An ikagandamana na Eamhain hadi Kiingereza kikasikia "Navan". Majina mawili yasiyo na undugu yamekutana kwenye umbo moja.

Nilikwenda Jumamosi. Ni kilima cha duara, majani mabichi, upepo mkali. Wachimbaji wa miaka ya 1960 walikuta chini yake mabaki ya jengo la mbao lenye upana wa kama mita 40, na nguzo yake ya katikati ilikatwa mwishoni mwa mwaka 95 au mwanzoni mwa 94 kabla ya Kristo. Pete za mti ndizo zilizosema. Jengo lilijazwa mawe, likachomwa moto, likafunikwa kwa udongo. Nimekaa juu yake saa nzima. Walioiandika hadithi hawakulijua jengo hilo, lakini walijua kwamba mahali pale palikuwa na ukuu, na hawakukosea.

Aprili

Nilimpigia mama simu kumsimulia. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, hayo majina ya watu yanakuhusu nini?" Nikamkumbusha Tongoni, ambako alitupeleka tukiwa wadogo kuona makaburi yenye nguzo. Tongo ni mahame. Jina hilo lisingeweza kupewa mji ungali hai. Wareno walipokuwa wakipita pwani ile walipajua kwa jina la Mtangata. "Basi huko unatafuta Mtangata zao," akasema, na sijapata maelezo bora zaidi ya kazi hii.

Jingine la mwezi huu ni Ptolemaio, mwanajiografia wa Alexandria wa karne ya 2. Kitabu chake kinataja mto Bououinda, na huo ni Boyne wetu. Kinataja watu wanaoitwa Ouoluntioi, nao wanachukuliwa kuwa Ulaid. Na kitabu hicho hicho, kurasa nyingine, kinataja Rhapta ya pwani ya Afrika Mashariki, bandari ambayo hadi sasa haijathibitishwa ilikuwa wapi. Bandari ya kwetu na mto wa hapa ninapoishi vimo mikononi mwa mtu mmoja ambaye hakufika kote kuwili.

Mei

Mwezi wa maeneo, yaani falme na himaya badala ya vivuko na vilima, na ndio ulionilazimisha kubomoa jedwali langu.

Kivuko hakihami. Ulaid walihama. Ndani ya hadithi wanashika kaskazini yote, na adui akivuka mpaka wao wa kusini anakuwa karibu na mlango wangu. Lakini kwenye kumbukumbu za kihistoria, kufikia karne ya 8 Ulaid wamesukumwa mashariki ya Mto Bann, na Emain yenyewe imo ndani ya nchi ya Airgialla, watu wengine kabisa. Kisha jina likafufuka: Waskandinavia na Waingereza wakalivalisha mkia, likawa Ulster, jimbo la kaunti tisa. Ukisoma "Ulaid" kwenye mswada, kuuliza wako wapi ni nusu ya swali. Lazima uulize nani anasema, na anasema habari za lini: zama za hadithi, zama za mtunzi, au zama za aliyenakili? Nilikuwa na safu moja ya mahali. Sasa kila jina lina safu tatu, na nyingine nyingi bado ni tupu.

Tethba nayo. Jeshi linapita Tethba ya kaskazini na ya kusini, na Mto Inny ndio uliozitenganisha, kwa hiyo ya kaskazini iko Longford na ya kusini Westmeath. Hapo nilifurahi, kwa kuwa mto ni shahidi mwema. Furaha iliisha nilipofika kwa Cairpre, wa ukoo wa Uí Néill: kuna Carbury ya Sligo, kuna Carbury ya Kildare. Wafalme walioliacha jina lao sehemu mbalimbali hawakumfikiria msomaji.

Kinachookoa mara nyingi ni mipaka ya kanisa. Sinodi za Ráith Bressail mwaka 1111 na Kells mwaka 1152 zilipanga majimbo ya maaskofu, na mengi yalifuata falme za wakati ule. Ufalme wa Osraige umekufa zamani, lakini dayosisi ya Ossory bado ipo, na ukiichora mipaka yake kwa kalamu unauona ule ufalme ukitokeza.

Juni

Ardee, kwa basi. Baile Átha Fhirdhia, mji wa kivuko cha Fer Diad. Hapo ndipo Cú Chulainn, shujaa wa Ulaid, alipomuua Fer Diad, waliyelelewa naye kwa mlezi mmoja, na hakuna sehemu ya Táin inayoniuma kama hiyo. Mto unaopita hapo leo unaitwa Dee, ila miswada inauita Níth. Watu walilikata jina la mji, Ardee, wakaona lina "Dee" ndani yake, wakaupa mto. Mto umeitwa kwa jina la marehemu bila wenyewe kujua. Maji yalikuwa ya magotini tu. Nilisimama ukingoni nikashindwa kuandika chochote.

Mwisho wa hadithi nao umejaa majina. Donn anamuua Finnbennach, fahali mwenye pembe nyeupe wa Ailill, mume wa Medb, na anarudi kwao akiwa na mabaki yake pembeni. Kiuno, lúan, kinabaki Áth Luain, ambayo ni Athlone. Ini, tromm, linabaki Áth Troim, yaani Trim. Mbavu, clíatha, zinafika Áth Cliath, na huko ni Dublin. Wataalamu wanaeleza tofauti: trom ni mti wa vichakani wenye vitunda vyeusi, na clíath ni fito zilizosukwa na kutandikwa kwenye tope ili watu wavuke. Sikubaliani na wanaoyaita maelezo ya fahali kuwa uongo wa kufutwa. Pwani tuna Mvita, na kuna wasemao ni Shehe Mvita na wasemao ni vita. Yote mawili ni habari za Mombasa. Kwenye jedwali nimeyawekea safu yake.

Tahadhari kwa atakayefuata njia hii: Áth Cliath si moja. Ipo Áth Cliath Medraige pia, upande wa Clarinbridge, Galway. Ukikutana na jina hilo kwenye sentensi yenye watu wa magharibi, usikimbilie Dublin.

Jumapili iliyopita nilitembea hadi Colp, nje kidogo ya mji wetu. Mdomo wa Boyne uliitwa Inber Colptha, na mashairi ya dindshenchas, yale yanayoeleza asili ya majina, yanatoa sababu mbili: Colptha mwana wa Míl alizama hapo, au muundi, colptha, wa dubwana liitwalo Mata ulitupwa hapo. Mahali: nimeandika "hakika". Sababu: nimeandika zote mbili. Mzee jirani aliyenisindikiza amezaliwa huku. Nilimsomea jina lile kama lilivyo mswadani, akalirudia polepole mara tatu, kisha akasema maisha yake yote ameliita Colp na hakujua kwamba limekatwa.

Wiki ijayo ni Slechta, pale ambapo majeshi yalifyeka miti kwa panga ili magari ya farasi ya Medb yapite. Jina linatokana na kule kukata. Msitu hauachi alama kwenye ramani, kwa hiyo nitaanza na majina ya vitongoji vya Westmeath na Meath, kimoja kimoja.