Kibarua wa Kibuye atapata wapi uganga?

Waongozaji wengi wa michezo ya kuigiza ya mezani, ile ya dadu na wahusika wa kubuni, huweka duka la dawa za kiganga kila kijiji, wala hawajiulizi mnunuzi ni nani. Chukua Dungeons & Dragons, sheria za 2014. Kibarua asiye na ufundi hulipwa sarafu 2 za fedha kwa siku, na fedha 10 ni sarafu 1 ya dhahabu. Chupa ya dawa ya kuponya ni dhahabu 50, yaani siku 250 za kazi, bila kula. Mbeba mizigo wa Kibuye, lile soko la Kisumu, hainunui hata mtoto akiwa mahututi.

Anachomudu ni uganga usiomgharimu mganga chochote. Kuunga sufuria iliyopasuka huchukua dakika 1, ilimradi ufa usizidi futi 1. Kusafisha maji kwa njia ya tambiko huongeza dakika 10 lakini hakuli nafasi ya uganga ya siku, ambazo mganga anazo chache tu, kwa hiyo kuhani anaweza kuzunguka visima kutwa nzima. Fedha 1 au 2 zinatosha.

Utamu uko kwenye kuneemesha ardhi: uganga wa daraja la 3, kazi ya saa 8, duara la nusu maili kutoka katikati. Hiyo ni kama ekari 500 zinazozaa maradufu mwaka mzima. Kitabu cha sheria kinakadiria dhahabu 10 hadi 50 kwa madaraja mawili ya kwanza tu, kwa hiyo hapa bei ni yako. Mimi ningesema 90. Kaya 100 zikichanga, kila moja inatoa fedha 9, siku nne na nusu za kibarua. Tayari una chama, daftari, na mweka hazina wa kutiliwa shaka.

Kasoro? Duara halibagui. Uganga huohuo ukifanywa haraka, mganga anaweza kuruka sehemu; wa saa 8 hautaji ruhusa hiyo. Jirani aliyekataa kuchanga atavuna kama wenzake. Halafu umakini: mganga akipigwa jiwe saa ya saba, anarusha dadu ya ustahimilivu kuona kama umakini umevunjika, na lazima afikishe 10 au nusu ya pointi za majeraha, iliyo kubwa. Akishindwa, nafasi haipotei ila kazi inaanza upya.

Na kayongo, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi? Sheria inasema mimea yote, lakini kinachoongezeka ni chakula, kwa hiyo magugu hayanufaiki. Ila hayang'oki pia. Mimi huamua hivi: shamba la Siaya lililonyonywa hadi kubakiza debe moja la mahindi litatoa madebe mawili, basi.