Uzi wa Nne, Sinza kwa Remmy

Kutoka Kigoma hadi Dar nilikaa ndani ya basi zaidi ya saa ishirini, na nilichokiwaza muda wote ni gitaa langu. Konda alinikataza kulipakata. Alilisukuma kwenye buti pamoja na magunia ya dagaa, akanitoza elfu kumi ya mzigo bila risiti. Tulishuka Mbezi Louis usiku, nikafungua mfuko: uzi wa nne umekatika. Bodaboda wa kunifikisha Sinza naye akataka elfu kumi na tano. Nililipa kwa uchungu.

Nilifikia Sinza kwa Remmy. Makonda wa daladala hulitaja jina hilo kutwa nzima. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, baadaye akaongoza Super Matimila. Alifariki mwaka 2010. Kituo kimebaki na jina lake. Kulisikia jina la Mkongo likiitwa barabarani kama Posta au Kariakoo kulinijaza kifua. Baba yangu alivuka ziwa kutoka Kalemie, upande wa Kongo. Shuleni Kigoma nilichekwa kwa kusema "njo" mahali pa "ndiyo", nikaiacha. Hata nyumbani nikawa namjibu Baba kwa Kiswahili cha darasani.

Asubuhi nikaulizia nyuzi, nikaelekezwa kwa mzee mmoja mpiga gitaa la rithimu, mzaliwa wa Lubumbashi, ambaye kila mchana hula kwa mama wa Kikongo nyuma ya gereji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Keti, leki. Bukari kwanza, gitare nyuma."

Leki, yaani mdogo wangu. Aliongea Kiswahili chake cha Kongo kwa sauti kubwa, na hakuna aliyecheka. Ugali ukaja na sombe, kisamvu chetu, wenyewe kwa Kilingala huita pondu, kimeungwa kwa mawese na samaki mkavu. Dar kisamvu hutiwa nazi, nacho ni kitamu, sikatai. Lakini ile harufu ya mawese ilikuwa ya jikoni kwa mama yangu, nikala kimya hadi nikamaliza. Sahani elfu kumi! Ni ghali, ila nililipia zote mbili bila kuomba kupunguziwa.

Mzee alinikumbusha kwamba Desemba 2021 UNESCO iliingiza rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, kwa maombi ya Kongo zote mbili. "Njo yetu ile," akasema, akigonga meza kwa kiganja.

Kisha akalichukua gitaa. Akatoa kwenye bahasha uzi mwembamba kabisa, ule wa kwanza. Nikamwambia, mzee, kwangu umekatika wa nne. Hakunijibu. Akaupitisha penye nafasi ya wa nne, akakaza taratibu, kichwa amekiinamisha hadi sikio linakaribia kugusa mbao, mpaka ukalia nota ya re. Lakini ilikuwa re ya juu, oktava nzima juu ya niliyoizoea.

"Mi-composé," akasema.

Wapigaji wengi wa Kongo hufunga hivyo gitaa la kati, ili rithimu isizame kwenye besi wala isigombane na solo. Alipopiga, vidole vyake vilikuwa vinarudia mchoro mmoja mfupi, na sauti zikapishana juu na chini utadhani wanapiga wawili. Nikaona uwanja wetu wa Kigoma, Baba ameegemea mwembe. Gitaa lake lilikuwa na uzi mwembamba palepale. Utoto wangu wote niliamini ni umaskini, kwamba alikosa hela ya uzi mnene. Niliponunua la kwangu nilifunga mnene, nikamwonyesha kwa fahari. Alitazama tu, akasema ni zuri.

Harusi ya Kinondoni iliyonileta ilikwenda vizuri, tukapiga hadi alfajiri, malipo yakapungua kidogo. Siku mbili nyingine zilipita kwenye foleni.

Kurudi nilikata tiketi mbili, ya pili kwa ajili ya gitaa. Basi liliposimama Dodoma watu wale, nilibaki kitini nikampigia Baba, nikaiweka simu mapajani, nikapiga ule mchoro. Nikamaliza, nikaiinua sikioni. Alikuwa kimya.

"Ile kamba ya ine," akasema hatimaye, "nani alikufungia?"

"Mzee mmoja, Baba. Wa Lubumbashi. Njo yeye."